Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi: Habari za Watu, Miti na Wanyama wa Uzaramo

Mahali penyewe

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda bara kwa reli ya kati hupita Gongo la Mboto, na kitambo kidogo baadaye treni huanza kupanda. Vilima vya Pugu si virefu, wala havizidi sana mita 300 juu ya bahari, lakini katika nchi tambarare kama mrima huu hata kilima kidogo huzuia mawingu. Upepo wa bahari uletao mvua huvikuta vilima hivyo kwanza, na kwa sababu hiyo msitu umeota mahali ambapo pande zote mna vichaka, nyasi na mashamba ya mihogo na mikorosho. Mto Msimbazi, upitao katikati ya mji na kumwaga maji yake baharini kwenye daraja la Selander, chimbuko lake ni vilima hivi vya Kisarawe.

Misitu inayotajwa hapa ni miwili iliyo jirani: Pugu, wenye hekta 2,400 hivi, na Kazimzumbwi, ulio kusini yake na kuupita kwa ukubwa karibu maradufu. Upande wa magharibi, kuelekea Soga na Mlandizi katika nchi ya Kibaha, mna msitu mwingine mkubwa zaidi lakini mkavu, uitwao Ruvu Kusini. Kaskazini, karibu na mpaka wa Kibaha, mna kisitu kidogo cha Pande. Misitu hii minne ni masalio ya msitu mmoja wa kale uliotanda pwani ya Afrika ya Mashariki katika zama zenye mvua nyingi. Ukame ulipozidi msitu ule ulikatika vipande vipande, na viumbe vilivyosalia ndani ya kila kipande vikatengana na jamaa zao. Hiyo ndiyo asili ya ajabu yake. Ndani ya mahali padogo namna hii mna miti na wanyama wasiopatikana penginepo, au wapatikanao mahali pachache tu duniani. Wataalamu wa mimea wameandika majina ya Kilatini ya miti miwili kwa kuikumbuka Pugu yenyewe, *Baphia puguensis* na *Millettia puguensis*, wala hapana kilima kingine cha pwani yetu, kwa kimo chake kidogo, kilichopata heshima hiyo kwa urahisi.

Habari za misitu hii zimekwisha andikwa na watu wa elimu mbalimbali, kila mmoja kwa upande wake: mtaalamu wa ndege kwa ndege zake, mwanahistoria kwa vita na kodi. Yafaa habari hizo zikutanishwe, maana ukizisoma pamoja huonekana jambo moja linalorudi kila zama. Kilichotoka msituni kwenda mbali kilijulikana bei yake mapema sana, na kilichobaki msituni kilikaa miaka mingi bila hata kupewa jina vitabuni.

Sandarusi

Mali ya kwanza kuipa Uzaramo sifa ng'ambo ilikuwa sandarusi. Hiyo ni utomvu wa mti uitwao msandarusi, ambao hukauka na kuwa kama kioo chenye rangi ya asali. Iliyo bora haikwemwi mtini bali huchimbwa ardhini, mahali ambapo misandarusi ya kale ilikufa na kuoza zamani, utomvu wake ukabaki mchangani na kugeuka mgumu kama jiwe. Neno lenyewe lilitujia kutoka Kiarabu. Utomvu mbichi, uliotoka mtini juzi na jana, uliitwa chakazi, nao bei yake ilikuwa ndogo.

Richard Burton, aliyeshuka Kaole katika mwezi wa Juni 1857 akapita Uzaramo kwa bonde la mto Kingani, ambao sasa huitwa Ruvu, aliandika kwa kirefu habari za wachimbaji wa sandarusi na biashara yao. Kutoka mrima ilipelekwa Unguja, na kutoka Unguja ikaenda Bombay, Hamburg na Salem katika Marekani, ikapikwa kuwa vanishi ya kupaka magari ya farasi na vyombo vya nyumbani. Wamarekani walikuwa na mkataba na Sayyid Said tangu 1833, na sandarusi ilikuwa miongoni mwa bidhaa walizozitaka sana pamoja na pembe.

Kuna jambo moja hapa ambalo wapenzi wa lugha watalifurahia. Wafanya biashara wa Kizungu walipolisikia neno chakazi hawakulielewa, wakaligeuza kwa masikio yao kuwa "jackass", maana yake punda dume katika Kiingereza, na kwa jina hilo sandarusi mbichi ikauzwa katika masoko ya ng'ambo. Neno la Kiswahili likavuka bahari, likafika likiwa mnyama. Aliyethibitisha kwamba chakazi na sandarusi ya ardhini zatoka katika mti wa namna moja ni Dakta John Kirk wa Unguja, katika miaka ya baada ya 1860. Wachimbaji, ambao kazi yao iliwafundisha kutafuta sandarusi mahali palipokuwa na misitu zamani, walikuwa wakifuata maarifa hayo kabla ya yeye kuyaandika.

Mzaramo aliyechimba sandarusi hakuwa mtumwa wa mtu. Alichimba baada ya mvua, kazi ya shamba ilipopungua na ardhi ikiwa laini, akaiuza mwenyewe au kwa mkono wa mzee wake. Kwa njia hiyo nguo, shanga na baruti zikaingia bara. Baadaye mpira wa msituni nao ukapata bei, ule utolewao katika mitoria, na watu wakaukusanya vivyo hivyo. Msitu ulikuwa ghala lao wakati wa njaa na sanduku lao la fedha wakati wa amani. Pasipofahamika hilo, haifahamiki kwa nini sheria za baadaye ziliwauma watu wa nchi hii kiasi kile.

Wadachi na sheria ya msitu

Mwaka 1888 wamisionari wa Shirika la Mtakatifu Benedikto kutoka Bavaria walijenga nyumba yao ya kwanza Pugu. Haikudumu. Tarehe 13 Januari 1889, vita vya Abushiri vilipokuwa vimewaka pwani nzima, nyumba ile ilishambuliwa, wamisionari watatu wakauawa, na wengine wakachukuliwa mateka wakakombolewa baadaye. Wenzao waliosalia wakahamia Dar es Salaam.

Vita vilipokwisha Wadachi wakaanza kuitawala nchi kwa karatasi. Mwaka 1904 ilitoka sheria ya kulinda misitu, iliyoipa serikali uwezo wa kutenga misitu na kuwakataza watu wasilime wala kukata humo bila ruhusa. Mwaka uliofuata ujenzi wa reli ulianza Dar es Salaam kupitia Pugu, na mwaka 1907 reli ilifika Morogoro. Basi katika miaka ileile msitu ulifungwa kwa mwenyeji na ukafunguliwa kwa reli, ambayo ilihitaji nafasi ya kupita, mbao na kuni.

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya mwaka 1997, ameeleza jambo lililokuwa halijatiliwa maanani sana katika habari za Maji Maji ya Uzaramo, nalo ni nguruwe. Zamani wanaume wa kijiji walitoka pamoja na nyavu zao kuwinda, na kwa uwindaji huo nguruwe mwitu walipunguzwa wasiyamalize mashamba. Serikali iliukataza uwindaji wa nyavu, na wakati huohuo ikawalazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya jumla, na wanaume wengi wakaenda kutafuta kazi ya mshahara. Nguruwe wakaongezeka, wakaingia katika mihogo na mahindi, na waliobaki kulinda mashamba ni wanawake. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, Uzaramo wa kusini uliingia. Kibasila wa Kisangire, aliyekataa habari ya pamba, alinyongwa. Jina lake sasa lapatikana juu ya lango la shule moja mjini Dar es Salaam.

Si lazima msomaji akubali kwamba nguruwe walileta vita. Yatosha kukubali kwamba katika nchi ya Uzaramo msitu, mnyama na shamba vilikuwa shauri moja, na mwenye kulikata shauri hilo vipande vitatu, akampa kila afisa kipande chake, alileta dhara asilolitazamia.

Waingereza waliirithi misitu iliyotengwa na Wadachi, na kanuni zao wakaziendeleza kwa sheria ya mwaka 1921. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1954. Mwaka huohuo mwalimu wa historia katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, alikuwa akitoka kazini kwake na kushuka mjini, mara nyingi kwa miguu, kuhudhuria mikutano. Mwalimu huyo ni Julius Nyerere, na chama kilichoundwa tarehe 7 Julai ni TANU. Mwezi wa Machi 1955 akaacha kazi ya ualimu. Upande wa pili wa vilima, Minaki, kilikuwako Chuo cha Mtakatifu Andrea, kilichohamishwa kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925. Basi vijana wengi walioshika kazi za serikali baada ya Uhuru walisomea ukingoni mwa msitu huu, wakisikia usiku sauti zake.

Wanyama wasikiwao usiku

Sauti ile isikiwayo zaidi ni ya komba. Kila mtu wa pwani amjua komba: mnyama mdogo wa usiku, macho makubwa, mkia mrefu, arukaye kutoka tawi hadi tawi na kulia kama mtoto mchanga. Wagema humlaumu kwamba hunywa tembo katika vibuyu vyao, na ulevi wake umekuwa mfano katika maneno ya watu. Lakini jina komba hutumika kwa jamii nzima, mkubwa na mdogo, na wataalamu wa wanyama nao kwa muda mrefu hawakufanya vizuri zaidi. Wadogo wa pwani waliwaita wote kwa jina moja au mawili, kwa kuwa ngozi zao zilizokaushwa katika makumbusho ya Ulaya zafanana sana.

Katika miaka ya 1990 wanafunzi wa elimu ya wanyama wa usiku, hasa Paul Honess na Simon Bearder wa Oxford Brookes, waliacha kutegemea ngozi wakaanza kutega masikio. Walichukua vyombo vya kunasia sauti, wakakaa gizani katika misitu ya Tanzania, wakagundua kwamba kila namna ya komba ina mwito wake, na mwito huo hauchanganyiki na wa mwingine hata wakiishi katika mti mmoja. Kwa njia hiyo katika miaka ya 1996 na 1997 akatangazwa komba aliyekuwa hana jina katika elimu ya dunia. Aliitwa komba wa Rondo, kwa kuwa kielelezo chake kilitoka nyanda za juu za Rondo katika mkoa wa Lindi. Lakini alipotafutwa alionekana pia Pugu na Kazimzumbwi, na Pande, na Ruvu Kusini. Uzito wake ni gramu 60 hivi, na katika jamii nzima ya komba hapana aliye mdogo kumpita. Mkia wake umefunga manyoya kama brashi ya kusafishia chupa. Hupenda kukaa chini katika miche na vichaka, akirukaruka kutoka shina hadi shina, na mwito wake ni wa mapigo mawili mawili yanayorudiwa kwa haraka.

Jambo hili lastahili kufikiriwa na wanaosoma lugha. Mnyama huyu aliishi mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka bandari kubwa, karibu na reli, shule na misheni, miaka mia moja na zaidi ya utawala wa maandishi, asijulikane. Na alipojulikana alijulikana kwa kanuni ileile ambayo mtaalamu wa fonetiki huitumia kutenga lahaja na lahaja. Kwa miaka kadhaa tangu 2006 ametajwa katika orodha ya wanyama 25 wa jamii ya kima na nyani walio katika hatari kubwa kuliko wote duniani.

Mwenzake wa mchana ni sange, ambaye wengine humwita njule. Yule wa Pugu ni mkubwa kama panya buku, mweusi mgongoni na mwekundu wa kutu kichwani na mabegani, mwenye pua ndefu aichezeshayo kama mkonga akitafuta wadudu katika majani makavu. Wazungu walimwita kwa jina la tembo kwa sababu ya pua, wakamweka pamoja na virukanjia. Mwaka 1998 uchunguzi wa damu na nasaba ulionyesha kwamba si jamaa ya virukanjia kabisa: ukoo wake ni mmoja na tembo, nguva, pimbi na muhanga, ukoo uliozaliwa Afrika. Mzaha wa jina ukawa kweli. Kadhalika mtaalamu Jonathan Kingdon alipendekeza mwaka 1997 kwamba jina lile la Kiingereza liachwe, na badala yake litumike "sengi", neno lililotolewa katika lugha za Kibantu. Pendekezo limekubaliwa, na sasa neno hilo huandikwa katika vitabu vya elimu duniani kote. Chakazi alikwenda akawa punda. Sange amekwenda akabaki karibu na jina lake.

Wako na wengine: popo wanaotoka jioni kwa makundi katika mapango ya Pugu, ambayo si mapango ya asili bali ni mashimo yaliyochimbwa na watu kutafuta udongo mweupe wa kaolini, na ndege mdogo wa msituni apatikanaye pia Sokoke katika Kenya, ambaye jina lake la Kilatini lakumbuka msitu ule.

Mkaa na mji

Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta Dar es Salaam ina watu 272,821. Ile ya 2012 ilikuta 4,364,541, na ya 2022 ilikuta 5,383,728. Watu hawa wote wapika, na wengi wao kwa miaka hii yote wamepika kwa mkaa. Mwaka 2010 Antje Ahrends na wenzake walitangaza uchunguzi ulioonyesha kwamba uharibifu wa misitu hutoka mjini kama wimbi. Mwaka 1991 ukingo wa uchomaji wa mkaa ulikuwa kilomita 20 hivi kutoka Dar es Salaam. Mwaka 2005 ulikuwa umefika kilomita 50. Mbao za thamani ya kati zilikuwa zikitafutwa kilomita 50, zikawa zatafutwa 170. Mbao bora za mpingo na mninga zilikwisha kwanza, ndipo zikafuata zile hafifu, mwisho kila mti ufaao kwa tanuri.

Pugu na Kazimzumbwi zilikuwa ndani ya wimbi lile tangu mwanzo. Juu ya hayo yamekuwako mashindano ya mipaka, hasa upande wa Chanika, ambapo mji umepanda hadi ukingoni na watu wamejenga na kulima mahali ambapo serikali yasema ni msitu. Si haki kuwahesabu wote kuwa wezi wa msitu. Wako waliouziwa viwanja na watu wasio na haki ya kuuza, na wako wazee wanaosema kwamba babu zao walizikwa humo kabla ya ramani kuchorwa. Lakini si haki vilevile kusema kwamba msitu ukiondoka hakuna aliyepungukiwa. Mvua ikinyesha juu ya kilima kitupu haikai, bali hushuka yote mara moja. Mji uliona nguvu ya Msimbazi katika mwezi wa Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu arobaini hivi na kubomoa nyumba za mabondeni. Chanzo cha mafuriko si kimoja, maana mji wenyewe umefunika ardhi yake kwa saruji. Lakini aliyejenga Jangwani na aliyechoma mkaa Kisarawe wameunganishwa na mto uleule, wajue wasijue.

Mwaka 2020 misitu miwili iliunganishwa ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, yenye hekta zaidi ya 7,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Cheo hicho ndicho cha juu katika ulinzi wa misitu ya nchi. Pande ilikwisha fanywa pori la akiba tangu 1990. Wageni hupanda vilimani siku za mapumziko, na treni mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, ina vituo Pugu na Soga.

Ulinzi huu ni jambo la kushukuriwa, na bado una upungufu wa aina moja. Katika orodha za hifadhi wanyama na miti huandikwa kwa Kilatini na Kiingereza, na majina ya Kiswahili, yanapokuwamo, mara nyingi ni tafsiri zilizotungwa ofisini. Kizaramo hakimo kabisa, au kimo kwa bahati. Watoto wa Kisarawe na Kibaha siku hizi hukua kwa Kiswahili, na jambo hilo lina faida zake. Lakini mganga aliyejua jina la kila mzizi, mchimbaji aliyejua mahali pa sandarusi kwa rangi ya mchanga, na mwindaji aliyetambua mnyama kwa mlio wakati wa giza, hao wanakufa, na wengi hawakuandikwa. Mmojawapo huenda alikuwa na majina mawili kwa komba wawili wadogo, miaka mingi kabla ya chombo cha kunasia sauti kuletwa Pugu. Wazee wachache waliolelewa kwa Kizaramo wangaliko katika vijiji vya Maneromango, Masaki na Mzenga. Kazi ya kuwasikiliza ni ya wanafunzi wa lugha kuliko ya mabwana misitu, nayo haihitaji zaidi ya daftari, kinasa sauti, na mtu atakayekubali kukaa nao usiku ukingoni mwa msitu, akiuliza kila mlio unaposikika: huyu mwamwitaje?